Bohemian Rhapsody: Yasemwayo na Yaliyotokea

Tangu Novemba 2019 mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe, una makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, na wageni hawakauki mlangoni. Habari za wimbo wake mkubwa, “Bohemian Rhapsody”, nazo hazikauki, vijiweni na mitandaoni. Nyingine za kweli, nyingine zimekolea chumvi, na nyingine ni za kutunga kabisa. Ukizipanga pamoja zile za uongo utaona karibu zote zina ugonjwa mmoja: zinafuta jasho. Wimbo unageuzwa muujiza, au siri, au ungamo, ilhali ulikuwa kazi ngumu ya watu wachache waliokaa studio mpaka macho yakawa mekundu.

“Anasema Bismillah, kwa hiyo alikuwa Mwislamu”

Hii ndiyo inayopendwa zaidi kwetu, na sababu yake inaeleweka. Uko katikati ya roki ya Kiingereza, wamekwisha kupita Scaramouche, Galileo na Figaro, mara linapasuka neno ambalo mtoto wa Unguja hulisikia kabla ya kila tonge. Mtu wa pwani hawezi kulisikia asigeuze shingo.

Lakini Freddie hakuwa Mwislamu, wala hakuwa Mwarabu, wala Mhindu kama wengine wanavyokisia. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Maparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, ambao mababu zao walihama Uajemi karne nyingi nyuma. Baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Freddie alipofariki London tarehe 24 Novemba 1991 akiwa na miaka 45, waliosimamia mazishi yake walikuwa makasisi wa Kizoroasta, kisha mwili ukachomwa.

Neno lenyewe alilitoa wapi, hakupata kueleza. Ila aliyepitisha utoto wake Mji Mkongwe hahitaji kuwa Mwislamu ili alijue, kama vile Mwislamu wa Unguja asivyohitaji kubatizwa ili ajue Krismasi ni lini. Na ajabu ni kwamba wakati wengine wanamvuta awe Mwislamu, wapo waliotaka asihusishwe na visiwa hata kidogo. Mwaka 2006 kulipangwa sherehe ya ufukweni Unguja ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe. Kundi la Kiislamu la Uamsho likapinga kwa sababu ya maisha aliyoishi, na sherehe ikafutwa.

Pia si kweli kwamba alikulia Zanzibar mfululizo. Akiwa na miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaja, familia ikakimbilia Feltham, pembezoni mwa London. Ni rahisi kushawishika kuusoma wimbo kwa jicho hilo: kijana, bunduki, kumuaga mama. Ukitaka kuusoma hivyo, soma, lakini usiseme mwenyewe ndivyo alivyosema. Kila alipoulizwa wimbo unahusu nini, alikwepa, akawaachia wasikilizaji waamue.

“Ulimshukia usiku mmoja”

Haukumshukia. Rafiki yake wa chuoni, Chris Smith, amesimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 Freddie alikuwa akipigapiga kwenye piano vipande vya nyimbo alizokuwa hajazimaliza, na kimojawapo walikiita wimbo wa kauboi. Ndani yake mlikuwa na ule mstari wa kumwambia mama kwamba ameua mtu. Kwa hiyo mbegu ilikaa ardhini miaka mitano au zaidi.

Mwaka 2023 vitu vyake vilipouzwa mnadani Sotheby’s, London, zilitoka kurasa 15 za rasimu alizoandika kwa mkono mnamo 1974 kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland. Humo kuna mistari aliyoitupa, na juu ya ukurasa mmoja wimbo una jina la “Mongolian Rhapsody”, kisha neno la kwanza limekatwa kwa kalamu na Bohemian kuandikwa badala yake. Karatasi hizo zilinunuliwa kwa takriban pauni milioni 1.38. Mtu aliyeshukiwa na wimbo mzima haachi kurasa 15 za kufutafuta.

“Pale kwenye opera ni kwaya na okestra”

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ukweli unashangaza kuliko uongo.

Hakuna kwaya. Hakuna okestra. Hakuna hata kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti, na Queen wenyewe walijisifu kwenye majalada ya albamu zao kwamba hawakitumii. Sauti zote zile ni za watu watatu: Freddie, mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor. Mwenzao wa nne, John Deacon wa besi, hakuimba kabisa. Ile sauti kali ya juu kabisa, inayofunga sehemu ya opera kabla gitaa halijaingia, ambayo watu wengi humpa Freddie, ni ya Taylor.

Kurekodi kulianza Agosti 1975 kwenye studio ya Rockfield, iliyo kwenye shamba karibu na Monmouth, Wales, kisha kazi ikahamia studio nyingine kadhaa. Prodyuza alikuwa Roy Thomas Baker. Kanda waliyotumia ilikuwa na njia 24 tu, yaani sauti 24 zinazoweza kukaa kando kwa kando. Sasa utatiaje kwaya ya watu watatu humo? Walikusanyika watatu, wakaimba mstari mmoja pamoja. Wakarudia mstari uleule juu ya wa kwanza, na tena. Wakapanda noti ya pili, wakafanya vilevile, kisha ya tatu. Njia zikijaa, Baker anazichanganya zote na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili, zile nyingine zinafutwa, wanaanza upya. May alikuwa mzuri chini, Freddie katikati, Taylor juu, lakini mara nyingi wote watatu waliimba kila noti ili rangi za sauti zichanganyike. Ni muda wa saa kumi, hata kumi na mbili kwa siku, wa kuimba tu. Sehemu ile ya opera, isiyofika hata dakika moja na nusu, ilikula kama wiki tatu, na baadhi ya vipande vilifikia tabaka 180. Baker amesimulia kwamba mwanzoni alidhani ni kipande kifupi tu, lakini Freddie kila mara alikuwa akija na Galileo nyingine za kuongeza.

Na kanda ile si kitu cha kudumu. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa madini ya chuma, na kila inapopita kwenye kichwa cha mashine hupoteza unga kidogo. Ilipita mara nyingi mno hata, kwa masimulizi yao wenyewe, ukiiinua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili. Ikabidi wainakili kabla sauti hazijapotea. Vijana wanaorekodi leo kwa kompyuta, wenye njia zisizo na idadi na kitufe cha kurudisha nyuma, wangefaa kukaa na picha hiyo kichwani.

“Anaungama kwamba ana UKIMWI”

Hapana. Wimbo ulitoka Oktoba 1975. Madaktari walianza kuripoti ugonjwa huo mwaka 1981, na Freddie alipimwa na kukutwa nao mwaka 1987. Kalenda peke yake inatosha. Wanaosema kwamba ni ungamo la mtu aliyekuwa akitambua anavutiwa na wanaume wanasimama pahala penye nafuu kidogo, kwa sababu miaka inalingana na maisha yake, lakini hiyo nayo inabaki tafsiri ya msikilizaji.

“Ni wimbo wa kishetani”

Kwa sababu Belzebuli anatajwa. Msikilize anavyotajwa, basi: kijana analia kwamba ametengewa shetani wa kumwandama, anaogopa, anataka aachiwe. Hakuna anayeabudu hapo. Kanda ya nyimbo za Queen iliporuhusiwa kuuzwa rasmi Iran mwaka 2004, ilikuja na maelezo kwamba wimbo huu ni wa kijana aliyeua kwa bahati mbaya, akauza roho yake kwa shetani, na usiku wa kuamkia kunyongwa akamwita Mungu. Ikiwa Tehran waliupitisha, sijui sisi tunahangaika na nini.

“Kampuni iliukataa, bosi akafukuza bendi ofisini”

Hii imetoka kwenye filamu ya mwaka 2018 yenye jina la wimbo huu. Yule bosi, Ray Foster, hakuwahi kuishi. Ni mhusika wa kubuni, na anayeigiza ni Mike Myers, ambaye tutamrudia. Chini ya chumvi hiyo kuna ukweli: wakubwa wa EMI, kampuni ya rekodi ya bendi, waliona dakika 5 na sekunde 55 ni ndefu mno kwa redio. Lakini msiende mbali na kudai wimbo mrefu haukuwahi kufaulu kabla yake. “Hey Jude” ya The Beatles ilizidi dakika saba, na ilishika namba moja mwaka 1968.

Aliyevunja ukuta alikuwa mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London. Alipewa nakala kwa makubaliano ya utani kwamba asiipige. Akaanza kwa kurusha vipande, kisha akaupiga wote mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki. Jumatatu watu wakaenda madukani kudai sahani ya santuri ambayo ilikuwa haijatoka.

“Ndiyo video ya kwanza ya muziki duniani”

Si kweli, The Beatles walikuwa wakitengeneza filamu za nyimbo zao katikati ya miaka ya 1960. Hii ilitengenezwa kwa sababu ya shida. Tamasha za bendi zilikuwa zinaanza, na kusimama Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC, wanne mkipiga pleibeki ya sauti 180 kungekuwa kichekesho. Kwa hiyo tarehe 10 Novemba 1975 waliingia studio za Elstree na mwongozaji Bruce Gowers, wakamaliza kwa muda wa kama saa nne. Sura zinazozaana kwenye picha zilitokana na lenzi yenye pande nyingi, na zile zinazofuatana hadi zipotee walizipata kwa kuielekeza kamera kwenye skrini iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo. Tazama tena vile vichwa vinne gizani. Mmoja ni Deacon, anafumbua mdomo kwa sauti ambazo hazimo.

Sifa inayostahili video hii ni kwamba baada yake kampuni ziliona wimbo unaweza kutembea bila msanii kutembea. MTV ilikuja miaka sita baadaye.

“Live Aid waliupiga wote”

Siku ile ya Wembley, 13 Julai 1985, katika tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, waliufungua kwa piano, wakapiga sehemu ya kwanza tu, wakarukia “Radio Ga Ga”. Walikuwa na kama dakika 20 za kupiga nyimbo zao zote. Tena sehemu ya opera hawakuipiga moja kwa moja jukwaani hata mara moja katika maisha ya Freddie. Walikuwa wakiondoka jukwaani, taa zinacheza, kanda inaimba, wao wanarudi kwenye sehemu ya gitaa. Ile habari ya kuwafichulia wenzake ugonjwa kabla ya Live Aid ni ya filamu pia. Ilikuwa karibu miaka miwili kabla ya kipimo.

“Ulikuwa namba moja dunia nzima”

Uingereza, ndiyo. Wiki tisa, mpaka Januari 1976 ulipoondolewa na wimbo wa ABBA, “Mamma Mia”, ambayo ni maneno yaliyomo ndani ya wimbo ulioondolewa. Ukarudi tena kileleni Desemba 1991 baada ya kifo chake, na mapato yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika linalowasaidia wenye virusi vya UKIMWI. Huo ndio uhusiano wa kweli wa wimbo huu na ugonjwa ule.

Marekani ilikuwa shughuli nyingine. Mwaka 1976 uliishia nafasi ya 9. Ikabidi asubiriwe Mike Myers, yuleyule, aliyeng’ang’ania utumike kwenye filamu yake ya vichekesho ya mwaka 1992, “Wayne’s World”, ile ya vijana wanaotikisa vichwa ndani ya gari gitaa linapoingia. Ndiyo maana filamu ya 2018 ilimpa yeye kazi ya kusema hakuna kijana atakayetikisa kichwa garini kwa wimbo huo. Kwa kusukumwa na kichekesho hicho ulipanda hadi namba 2 Marekani, na hapo ukakwama. Ulizuiwa na “Jump” ya Kris Kross, vijana wawili wa kurap waliovaa nguo kinyumenyume.