Maji magumu, maji ya chumvi na moyo wako: maswali na majibu

Birika langu limejaa ukoko mweupe. Je, ukoko huo ndio unaoziba mishipa ya damu?

Hapana. Hofu hii inasikitisha, kwa sababu inawafanya watu wayakimbie maji mazuri. Ukoko ule ni kalsiamu kaboneti, hujitenga maji yanapochemka. Kalsiamu unayoinywa hufyonzwa utumboni kama ile ya chakula, kisha homoni na figo hudhibiti kiwango chake katika damu. Kinachoziba mishipa ya moyo huanza na lehemu, yaani kolesteroli, inayojipenyeza kwenye kuta zake.

Basi maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, yana faida?

Huenda. Mwaka 1957 Jun Kobayashi wa Japani aliandika kuhusu uhusiano wa maji ya mito na vifo vya kiharusi. Tangu hapo tafiti nyingi, ingawa si zote, zimeona vifo vya moyo ni pungufu kidogo pale maji yanapokuwa na magnesiamu zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba maji ndiyo yaliyowakinga watu hao. Hata hivyo, kazi ya magnesiamu mwilini inajulikana: hulegeza misuli ya mishipa ya damu, husaidia moyo kudunda kwa mpangilio, na bila yake insulini haifanyi kazi sawasawa. Mwenye kisukari hupoteza magnesiamu kirahisi, maana sukari ikizidi figo huimwaga kwenye mkojo.

Lakini tupige hesabu. Lita 2 za maji yenye miligramu 30 kwa lita zinakupa miligramu 60. Mtu mzima anahitaji kama 310 hadi 420 kwa siku. Nyingine utazipata kwenye kunde, karanga, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa.

Maji ya kisima chetu yana chumvi, nami nina presha. Nifanyeje?

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu hasa. Shirika la Afya Duniani linashauri sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, iwe chini ya gramu 2 kwa siku. Maji yenye miligramu 200 kwa lita, kiwango ambacho ulimi ndiyo kwanza unaanza kukihisi, yanakupa 400 ukinywa lita 2. Hiyo ni sehemu ya tano ya kikomo kabla hujagusa chakula. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Tafuta maji mengine ya kunywa, na umweleze daktari wako. Kama nyumbani mna mtambo wa kulainisha maji, mingi huondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu, hivyo chota ya kunywa kabla hayajapita humo.

Na mawe kwenye figo?

Kunywa maji machache ni hatari kubwa kuliko ugumu wake.

Kuna madini nisiyoweza kuyaonja?

Aseniki. Haina rangi, harufu wala ladha, na ikinywewa kwa miaka mingi huhusishwa na saratani, magonjwa ya moyo na kisukari. Kikomo kinachopendekezwa ni mikrogramu 10 kwa lita. Ukichemsha, yenyewe inabaki na maji yanapungua. Kisima kipya kikichimbwa, peleka sampuli maabara kabla familia haijaanza kukitumia.