Je, ndege asiyechagua chakula huenea mbali zaidi?

Mwewe wa Nairobi hachagui. Saa ya chakula cha mchana huzunguka juu ya viwanja vya shule, na mtoto akizubaa na chapati mkononi, imekwenda. Utamwona pia Dandora akipekua jalala, na mvua ikinyesha atadaka kumbikumbi hewani. Yeye na jamaa zake wa karibu wameenea Afrika, Ulaya na Asia hadi Australia.

Je, mlo mpana ndio uliomfikisha huko? Mwaka 1984 mwanaikolojia wa Marekani, James H. Brown, alitoa hoja kwamba kiumbe anayeweza kuishi kwa vitu vya aina nyingi hupata mahali pengi pa kukaa. Kwa ndege, hoja hiyo ina mashiko, lakini si kila mara.

Tazama aina mbili za heroe wa Bonde la Ufa, wale ambao wengi tunawaita flamingo. Heroe mdogo hutegemea hasa mwani wa maziwa ya magadi kama Bogoria, anaouchuja kwa mdomo wake. Maji ya Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, magadi yalizimuka, mwani ukapungua, na makundi makubwa yakahama. Anazaliana katika maeneo machache mno duniani, na kwetu Afrika Mashariki ni Ziwa Natron hasa. Heroe mkubwa hutibua tope kwa miguu na kula uduvi wadogo, viluwiluwi vya wadudu, konokono, hata mbegu. Huyo utamkuta pia Ufaransa ya kusini na Kazakhstan.

Basi bundi mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo? Mlo wake karibu wote ni panya na jamaa zao, na bado yuko Afrika na Ulaya. Hapa jibu ni rahisi: panya wako kila mahali. Kwa hiyo kuhesabu aina za vyakula hakutoshi. Uliza pia chakula chenyewe kinapatikana wapi.

Kuna mtego mwingine, na kwangu huu ndio mkubwa. Ndege aliyeenea nchi nyingi huchunguzwa na watu wengi, tena hukutana na vyakula vya kila nchi, hivyo orodha ya mlo wake hurefuka yenyewe. Huenda basi ueneaji ndio uliozaa mlo mpana, wala si kinyume chake. Njia ya haki ni kulinganisha wanachokula ndege wa mahali pamoja, kisha ndipo kutazama ramani.

Na wengine hawazuiwi na chakula kabisa. Kwenye nyasi za vishungi za Kinangop kuna ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, anayepatikana Kenya pekee. Anakula wadudu, na wadudu hawajaadimika. Zinazopungua ni nyasi zenyewe, kila shamba jipya linapolimwa.