Kuhesabu bakteria wa majini kwa hadubini: maana yake nini?

Ukiwa Feri, jijini Dar es Salaam, unasubiri pantoni ya Kigamboni, chota kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari. Hata yakiwa maangavu kabisa, humo mna bakteria wa kuhesabiwa kwa mamilioni: mililita moja ya maji ya juu ya bahari huwa na laki kadhaa hadi milioni moja na zaidi, na kijiko ni mililita 5.

Kuwahesabu kwa hadubini ni kuwaona kwa macho na kuwahesabu mmoja mmoja, bila kuwaotesha kwanza. Kwa njia ya kuotesha, maji hutiwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisha huhesabiwa madoa yaliyoota. Lakini bakteria wengi wa majini hawaoti kwa chakula cha maabara. Katika maji ya bahari, wanaoota mara nyingi hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Mwaka 1985 wanasayansi wa vijidudu James Staley na Allan Konopka waliandika juu ya pengo hilo, na mimi naona ndilo sababu kubwa ya kuithamini hadubini.

Kazi yenyewe inataka mikono mitulivu. Maji hutiwa formalini, dawa ya kuua na kuhifadhi, mara tu yanapochotwa, la sivyo bakteria wataendelea kuzaliana au kuliwa na vijidudu wengine. Kisha hutiwa rangi inayoshika vinasaba, kama akridini ya chungwa au DAPI, na kuchujwa kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Chujio hilo lina historia yake: yale ya zamani yalikuwa kama sponji, bakteria wakazama ndani wasionekane. Mwaka 1977 mwanasayansi John Hobbie na wenzake walionyesha kwamba chujio bapa la polikaboneti, aina ya plastiki, likitiwa rangi nyeusi, huwaacha wote juu. Chini ya mwanga maalumu wanang'aa kama nyota usiku wa giza.

Hakuna anayehesabu chujio zima. Tuseme eneo lililopitisha maji ni milimita 200 za mraba, na kila kidirisha, yaani sehemu ndogo unayoihesabu kwa mara moja chini ya hadubini, ni milimita 0.01 ya mraba. Hivyo ni vidirisha 20,000. Ukihesabu vichache hapa na pale ukapata wastani wa bakteria 50 kwa kidirisha, na ulichuja mililita 2, basi 50 mara 20,000, gawa kwa 2: laki tano kwa mililita.

Maji ya Mto Msimbazi baada ya mvua yatakusumbua, kwani tope huwaficha bakteria na chembe zake nyingine hung'aa pia. Hayo huzimuliwa kwanza.

Rangi hizi haziulizi nani mzima na nani mfu, wala hazitaji jina la bakteria. Kwa hiyo anayetaka kujua kama maji ya kisima chake yanafaa kunywa hahitaji jumla hiyo. Huyo apime E. koli, bakteria wa kinyesi, kwa kuotesha: katika mililita 100 asipatikane hata mmoja.