Presha: tupime wapi, na kwa mashine gani, pale vifaa vinapokuwa vichache

Kampeni ya uwanjani hupima watu wengi kwa siku moja, na ndiyo maana hupendwa. Lakini aliyekutwa na presha ya 152/96 chini ya hema, ametoka kutembea juani, bado hajathibitika kuwa na shinikizo la juu la damu. Lazima apimwe tena siku nyingine. Kama hakuna rejista yenye namba yake ya simu, hapo ndipo anapopotea, kwa sababu presha kwa kawaida haiumi.

Kwa hiyo fedha zikiwa chache, mimi naanzia kituo cha afya: kila mtu mzima anayefika apimwe, hata aliyekuja kwa kikohozi au kumleta mtoto. Faili lake lipo na dawa ziko karibu. Tatizo ni wanaume, wengi hawafiki kituoni mpaka waugue. Hao wafuatwe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wanaweza kurudi wiki inayofuata kwa kipimo cha pili.

Mashine za zebaki zinaondoka. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa ukomo wa kuzitengeneza. Ya mshale haihitaji betri, ila ikidondoka huweza kudanganya bila dalili yoyote, hivyo ilinganishwe na nyingine sahihi kila miezi 6. Nachagua ya kielektroniki inayofungwa juu ya kiwiko, iliyopitia majaribio ya usahihi. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio inaweza kumkosea. Huyo apimwe kwa stethoskopu.

Hata hivyo, makosa mengi hutoka kwenye mkanda unaofungwa mkononi. Mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo bajeti isikose mkanda mkubwa. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba hupanda kwa takriban 7 hadi 8, na hiyo inatosha kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Meza ya kuegemeza mkono, basi, nayo ni kifaa cha kupimia! Mtu akojoe kwanza, akae dakika 5 ameegemea kiti, nyayo sakafuni, asiongee. Pima mara 2, ukipisha dakika 1.

Ikifika 180/110 baada ya kurudia, usimpangie wiki ijayo: apate rufaa siku hiyo hiyo. Kifua kikimuuma, au uso ukipinda upande mmoja, ni dharura.