Vaux-le-Vicomte: karamu haikumfunga Fouquet

Hadithi ya kasri la Vaux-le-Vicomte, kusini-mashariki mwa Paris, husimuliwa hivi: msimamizi wa fedha za ufalme, Nicolas Fouquet, anajenga nyumba inayozishinda za mfalme, anamwalika mfalme Louis XIV karamuni, mfalme anaona kijicho, na wiki tatu hazijaisha mwenyeji yuko kizuizini. Tamu kweli. Tatizo ni tarehe.

Dhana: Karamu ya tarehe 17 Agosti 1661 ndiyo iliyomponza Nicolas Fouquet

Karamu ilikuwapo, tena ya kufuru. Molière, mwandishi wa tamthilia, alionyesha bustanini, kwa mara ya kwanza, mchezo wake wa *Les Fâcheux*. Fataki zikalipuliwa usiku. Tarehe 5 Septemba, Fouquet akakamatwa mjini Nantes na d'Artagnan (ndiyo, huyo huyo wa riwaya ya *Les Trois Mousquetaires*, alikuwa mtu wa kweli).

Lakini siku hiyo hiyo Louis XIV alimwandikia mama yake barua, akisema mpango huo alikuwa nao tangu miezi minne nyuma. Hesabu mwenyewe: unaangukia Mei. Kadinali Mazarin, waziri mkuu, alikuwa amefariki Machi, mfalme wa miaka 22 ametangaza kwamba atatawala bila waziri mkuu, na Jean-Baptiste Colbert, aliyekitaka kiti cha Fouquet, alikuwa akimchambulia mfalme hesabu za Fouquet kisirisiri.

Kinachonishawishi zaidi ni suala la cheo. Fouquet alikuwa pia mwanasheria mkuu wa Parlement ya Paris, iliyokuwa mahakama kuu, na mwenye cheo hicho alikuwa na haki ya kuhukumiwa na mahakama hiyo tu. Kabla ya karamu alishawishiwa akiuze. Akakiuza, na livre (sarafu ya wakati huo) milioni moja za mauzo akamkabidhi mfalme. Yaani alijivua kinga mwenyewe, na bado akalipa. Mtego ulikuwa umeshategwa kabla mgeni wa kwanza hajashuka garini.

Dhana: Aliiba, akahukumiwa, kesi ikaisha

Mikono yake haikuwa safi, hilo halina ubishi. Ila katika zama hizo msimamizi wa fedha aliikopea serikali kwa jina lake binafsi, na mfuko wake na wa ufalme ilikuwa vigumu kuitenganisha. Mazarin alikufa akiwa na utajiri mkubwa kuliko wa Fouquet, na aliyekuwa akimsimamizia mali hiyo ni Colbert. Hapo unaelewa kwa nini ilifaa apatikane mwizi mmoja tu.

Kesi iliburuzwa miaka mitatu mbele ya mahakama maalumu. Desemba 1664 majaji 9 walitaka auawe, 13 wakataka afukuzwe nchini. Mfalme akatumia mamlaka yake ya kubadilisha hukumu, lakini kinyume na ilivyozoeleka: badala ya kuipunguza akaiongeza, ikawa kifungo cha maisha. Fouquet alifia katika ngome ya Pignerol mwaka 1680.

Dhana: Fouquet ndiye mfungwa wa barakoa ya chuma

Hapana. Mfungwa huyo, aliyefichwa uso kwa barakoa na ambaye utambulisho wake ni fumbo, alikufa katika gereza la Bastille, Paris, mwaka 1703. Anayetajwa zaidi na watafiti ni Eustache Dauger, ambaye huko Pignerol alikuwa mtumishi wa Fouquet.

Dhana: Vatel, msimamizi wa karamu, alijiua Vaux kwa sababu samaki walichelewa

Vatel alimtumikia Fouquet, lakini alijiua Chantilly mwaka 1671, katika kasri la mwanamfalme wa Condé.

Dhana: Mfalme alilitaifisha kasri

Alichukua vilivyobebeka: mazulia ya ukutani, sanamu, hata michungwa. Akawachukua na mafundi, yaani Le Vau msanifu, Le Brun mchoraji na Le Nôtre wa bustani, kwenda kupanua kasri lake la Versailles. Nyumba yenyewe ilibaki. Ukisimama katika ukumbi mkuu wenye umbo la yai na kuinua macho kwenye kuba, utaona pengo la kukamatwa kule: mchoro mkubwa alioupanga Le Brun haukuwahi kuchorwa. Kindi, mnyama wa nembo ya akina Fouquet, bado yumo katika mapambo.

Mwaka 1673 mke wake, Marie-Madeleine de Castille, alilirejesha kasri mikononi mwa familia. Baada ya mtoto wao kufariki, liliuzwa mwaka 1705 kwa Marshali Villars, na mwaka 1764 likaangukia kwa akina Choiseul-Praslin. Ni duke wa ukoo huu aliyemuua mkewe mwaka 1847, kisha akanywa sumu. Wengi huamini damu ilimwagika Vaux; mauaji yalitokea kwenye nyumba yao ya Paris.

Dhana: Makabaila ndio waliolihifadhi hadi leo

Mikononi mwa akina Praslin lilichakaa hadi likapigwa mnada mwaka 1875. Aliyelinunua, Alfred Sommier, hakuwa duke wala marshali. Utajiri wake ulitokana na kiwanda cha kusafisha sukari. Alifufua bustani zilizokuwa zimemezwa na majani, akanunua samani za kujaza vyumba vitupu. Wazao wake, akina de Vogüé, walilifungulia umma mwaka 1968, na hadi leo ni mali ya familia, si ya serikali.