Malezi ya kitafiti kwa wauguzi ni nini?

Malezi ya kitafiti ni msaada wa kudumu anaopewa muuguzi aliye kazini, tangu swali linapomjia akiwa wodini hadi jibu lake linapoandikwa na kurudishwa wodini hapo hapo. Yana nguzo nne: mlezi aliyewahi kufanya utafiti kwa mikono yake, mtakwimu anayepatikana kabla data haijakusanywa, saa za kazi zilizotengwa, na njia ya vibali inayojulikana. Semina ya siku mbili yenye cheti ni mwanzo mzuri, lakini si malezi. Muuguzi akirudi zamu Jumatatu akakuta wagonjwa 40 na hana wa kumuuliza, yale aliyofundishwa huishia kwenye daftari.

Kwa nini muuguzi? Kwa sababu yapo maswali ambayo yeye tu ndiye anayeyaona kila siku. Chukua kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa ili kupitishia dawa na maji. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zilikuwa na kanuni ya kubadilisha kanula kila baada ya siku tatu au nne, hata kama mshipa hauna tatizo. Claire Rickard, profesa wa uuguzi nchini Australia, pamoja na wenzake, waliipima kanuni hiyo katika hospitali tatu za jimbo la Queensland na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wagonjwa 3,283 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walibadilishiwa kanula kila siku ya tatu, wengine pale tu dalili zilipoonekana. Mishipa ilivimba kwa asilimia 7 ya wagonjwa katika makundi yote mawili. Kumbe sehemu kubwa ya sindano zile za ziada haikuwa na faida kwa mgonjwa.

Sasa muuguzi wa Dodoma au Kisumu akisoma matokeo hayo afanye nini? Hapa ndipo mlezi anapoanza kazi, na kazi yake ya kwanza ni kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kama jibu tayari lipo na linafaa mazingira yake, kinachotakiwa ni kulitumia. Kama kanuni nzuri ipo ila haifuatwi, hiyo ni kazi ya kuboresha huduma: unapima, unarekebisha, unapima tena. Utafiti ni pale ambapo jibu halipo. Katika mfano wetu, kuacha kanula mpaka dalili ionekane kunahitaji mtu wa kuitazama kila zamu. Pale ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, je, dalili zinaonekana kwa wakati? Hilo ni swali la utafiti, na ni la hapa kwetu.

Swali hilo bado ni pana mno kwa mtu anayeanza. Mlezi humsaidia kulipunguza hadi litaje nani, nini, wapi na kwa muda gani: kati ya wagonjwa watu wazima waliolazwa wodi ya upasuaji na kuwekewa kanula mkononi, ni asilimia ngapi wanavimba mshipa ndani ya saa 96? Utafiti wa kwanza wa muuguzi uwe wa kupima hali ilivyo. Majaribio ya kulinganisha matibabu yanataka fedha, bima ya washiriki na timu kubwa. Kumwanzishia mtu huko ni kumvunja moyo.

Kisha linakuja jambo linaloharibu tafiti nyingi kimya kimya: tafsiri ya kitu kinachopimwa. “Kuvimba mshipa” maana yake nini hasa? Vipimo vingi vilivyotengenezwa nje vinaanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, na ukiutegemea utahesabu wagonjwa wachache kuliko waliopo. Mlezi anayejua wodi zetu ataelekeza mkono ufanye kazi ya jicho: kugusa kama pana joto kuliko mkono wa pili, kubonyeza taratibu na kumuuliza mgonjwa kama anaumia, kupapasa mshipa kuona kama umekuwa mgumu mfano wa kamba, kutazama uvimbe. Tafsiri iandikwe wazi, kwa mfano “dalili mbili au zaidi kati ya hizi nne”, wala isibadilishwe katikati ya kazi.

Tafsiri hiyo ijaribiwe kwanza. Wauguzi wawili wamkague mgonjwa yule yule ndani ya dakika 15, kila mmoja na karatasi yake, bila kuonyeshana. Wakifikisha wagonjwa 30, mtakwimu apige hesabu ya kappa, kipimo cha jinsi wakaguzi wawili wanavyokubaliana, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa. Asilimia ya kukubaliana peke yake inadanganya: kama wagonjwa wengi hawana tatizo, hata mtu anayeandika “hakuna” kila mara atakubaliana na mwenzake mara nyingi. Kappa huondoa makubaliano hayo ya kubahatisha. Ikiwa chini ya 0.6, rudini kwenye tafsiri mkae na kuiandika upya. Hata hapo, kama tatizo lenyewe ni adimu sana, kappa inaweza kushuka bila kosa la mtu, ndiyo maana mtakwimu anahitajika mapema.

Idadi ya wagonjwa nayo haichaguliwi kwa sababu “mia ni nzuri”. Tuseme tunakisia asilimia 30 wanavimba mshipa, na tunataka jibu lisipishane na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Hesabu ni 1.96 × 1.96 × 0.30 × 0.70 ÷ (0.05 × 0.05), ambapo 1.96 ni namba ya kitakwimu ya uhakika wa asilimia 95; inatoka 322.7, yaani wagonjwa 323. Asilimia 10 wakipotea kwa kuruhusiwa mapema au kuhamishwa, gawanya 323 kwa 0.90 (usizidishe kwa 1.10, utapungukiwa) upate 359. Wodi inayopokea wagonjwa 40 wanaofaa kwa wiki itahitaji wiki 9. Muuguzi aliyepewa likizo ya wiki tano hawezi kumaliza. Ama aongezewe muda, ama akubali jibu lipishane na ukweli kwa hadi asilimia 7, ambapo, pamoja na watakaopotea, anahitaji wagonjwa 184 na wiki 5 hivi. Na wahesabiwe wagonjwa, si kanula. Mtu mmoja aliyewekewa kanula nne si watu wanne.

Vibali viombwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kwa kawaida kamati za maadili hazitoi kibali cha kurudi nyuma. Tanzania Bara, andiko la mpango wa utafiti hupelekwa kwenye kamati ya taasisi yenye mamlaka hayo au kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar ina kamati yake. Kenya, baada ya kamati ya maadili, inahitajika leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Kisha kuna ruhusa ya hospitali yenyewe. Mlezi mzuri hukaa na muuguzi siku nzima wakisoma fomu ya kamati kipengele kwa kipengele, maana maandiko mengi hurudishwa kwa vitu vidogo: fomu ya ridhaa haina Kiswahili, bajeti haipo, mahali pa kutunza karatasi hapakutajwa.

Ridhaa ina ugumu wake kwa muuguzi. Mgonjwa aliyelala kitandani anamwita “sista”, anamtegemea kwa dawa na kwa maji ya kunywa. Akiombwa na sista huyo huyo ashiriki, atakataaje? Kwa hiyo ridhaa iombwe na mtu asiyemhudumia mgonjwa huyo, naye aseme wazi kwamba mgonjwa akikataa, huduma itabaki ile ile. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, aweke dole gumba, na shahidi atie saini. Mkipata wagonjwa 60 mfululizo bila hata mmoja kukataa, kaguaneni jinsi mnavyoomba.

Karatasi ya kukusanyia data iwe ukurasa mmoja. Tarehe na saa ya kuweka kanula ziandikwe pia kwenye plasta papo hapo, kwa sababu kwenye faili mara nyingi utakuta tarehe tu. Kila wiki mlezi apitie karatasi zote na kuzipanga kwa zamu. Karibu kila mara utaona za usiku na za Jumapili ni chache au zina mapengo. Hilo si dogo. Usiku ndipo wauguzi wanapokuwa wachache na ndipo dalili zinapopita bila kuonekana, kwa hiyo ukikosa data za usiku umekosa hasa kile ulichokuwa unakitafuta. Dawa yake ni kumweka muuguzi mmoja wa kila zamu kwenye timu, si kuwalaumu walio zamu.

Saa zilizotengwa zionekane kwenye ratiba ya zamu yenyewe: nusu siku kwa wiki, jina lake, na jina la anayeshika nafasi yake. Ahadi ya mdomo kutoka kwa muuguzi kiongozi haidumu wodi ikijaa.

Mwisho, majina. Nani atakuwa mwandishi wa makala liandikwe na kutiwa saini kabla ya kuanza. Wauguzi wengi wamekusanya data za miezi, kisha wakakuta majina yao kwenye mstari wa shukrani. Kanuni zinazofuatwa na majarida ya kitabibu zinamtaka mwandishi awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuzichambua; ashiriki kuandika au kuhariri; aidhinishe nakala ya mwisho; na awe tayari kuwajibika kwayo. Zinataka pia kwamba aliyefanya kazi ya awali apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Mlezi anayempa muuguzi rasimu aisome na kuirekebisha anamfungulia mlango huo. Akimficha rasimu, amemfungia.