Kuogea mimea nyumbani: kinacholainisha ngozi na kinachoiunguza

Ngozi laini ni ngozi yenye maji. Tabaka lake la juu lina mafuta ya asili yanayozuia maji yasipotee, na mafuta hayo huondolewa na maji ya moto, sabuni kali na dodoki linalosuguliwa kwa nguvu. Wakati wa kipupwe, hasa nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, hewa kavu huzidisha ukavu, na ndipo wengi tunapooga maji ya moto zaidi. Mmea wowote wa kuogea upimwe kwa hilo: je, unailinda ngozi au unazidi kuikausha?

Kwa mtu mwenye ngozi kavu au inayowasha, sisi wa huduma za ngozi huanza na oti, zile zile za uji, zisizo na sukari wala ladha. Zisage zikiwa kavu mpaka ziwe unga laini kabisa. Weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge. Maji yakiwa meupe kama maziwa na unga usituame upesi, umesaga vya kutosha. Huhitaji bafu la kujilaza. Koroga vijiko vinne kwenye beseni la maji ya vuguvugu, jimwagie kwa kopo taratibu, na pale panapowasha weka kitambaa kilicholoweshwa maji hayo kwa dakika kumi. Usisugue. Sakafu itateleza, kwa hiyo wazee washikwe mkono.

Unguja na Pemba kuna singo, mchanganyiko wa kusugulia mwili anaosingwa bibi harusi: liwa, asumini, mawaridi, karafuu, marashi. Ni urithi mzuri na sioni sababu ya kuuacha. Ninachosisitiza ni karafuu. Zina yujenoli, kemikali inayotia ganzi na inayoweza kuwasha ngozi. Punje chache zilizosagwa laini na kuchanganywa na vitu vingine si sawa na mafuta ya karafuu ya chupa, ambayo hayapakwi wala kumiminwa kwenye maji ya kuoga yakiwa matupu. Singo pia ni msuguo. Mara moja kwa wiki inatosha, na mwenye pumu ya ngozi au vidonda aiache.

Ndimu na limau viondoeni kabisa kwenye mapishi haya. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua, ikatoa malengelenge na kuacha madoa meusi kwa wiki au miezi. Wengi huvitumia wakitafuta weupe. Weupe na ulaini ni vitu viwili tofauti, na mimi natibu ngozi, sibadilishi rangi yake.

Alovera inafaa, ila ukikata jani lisimamishe kwanza mpaka umajimaji wa njano umalize kuchuruzika, maana huo ndio unaowasha. Tumia ute mweupe wa ndani tu. Mafuta ya mwarobaini yawekwe mbali na watoto wadogo. Yakimezwa yanaweza kuleta degedege.

Ukimaliza kuoga jikaushe kwa kubonyeza taulo, na ngozi ikiwa bado nyevunyevu paka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando. Hatua hii watu huiruka, ilhali bila mafuta maji uliyoyapata hukauka upesi. Mwenye chunusi asipake ya nazi usoni.

Kila mchanganyiko mpya ujaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku mbili. Uliochanganywa na maji tengeneza wa siku hiyo tu; ukilala huota vijidudu.

Lipo pia baka kavu, lililopauka au jekundu, ambalo ukiligusa kwa pamba husikii chochote. Hilo usilihangaikie kwa oti wala singo. Huenda ni ukoma, nao unatibika kwa dawa zinazotolewa bure, na ukiwahi kituo cha afya unaepuka ulemavu.